Orodha ya Wanaokufa

Masomo iliniacha Form Two, na tangu hapo hakuna mtu ameniita mwandishi bila kucheka kidogo. Lakini mwaka wa 2007 nilikuwa naandika riwaya, kwa daftari moja nene, ndani ya nyumba yangu ya mabati pale Mashimoni, Kibera. Mchana nilikuwa fundi wa rangi. Jioni nilikuwa na wabeba mizigo wa vita ya kwanza ya dunia, wale watu wetu ambao Wazungu waliwabebesha risasi na unga mpaka Tanganyika.

Kura ikaharibika, Mashimoni ikachomeka, nikatoka na vitu mbili: daftari na brashi. Godoro nilisahau. Nikaenda Kawangware kwa dada yangu, karibu na stage ya 56. Kazi hakukuwa, nikaona wacha nimalize utafiti.

Hapo ndio nilionyesha kweli niliishia Form Two. Watu walikuwa wanaulizana makabila ndio wajue nani ahame, na mimi natembea plot kwa plot na daftari, nauliza wazee: "Nyinyi ni watu wa wapi? Baba yako alikuja hapa lini?"

Siku ya tatu mwenye duka moja la hardware hapo mtaani aliniita. Alikuwa na wanaume wawili. Wakanikalisha juu ya debe la rangi, pole pole, kama mteja.

"Hebu tuone hiyo kitabu, boss."

Akafungua ukurasa wa mwisho. Hapo nilikuwa nimepanga wahusika wangu: majina kumi na mbili, kila jina na kabila yake. Mbele ya majina saba nilikuwa nimeandika "anakufa."

Mimi nilikuwa naangalia daftari tu. Kazi ya miaka mbili, na kopi ilikuwa hiyo moja.

"Ni hadithi," nikasema. "Wanakufa 1917."

"Huyo mwacheni," shosho mmoja, mama mzee wa kuuza sukuma wiki, akasema kutoka kibanda chake hapo kando, akikata mboga. "Jana alikaa hapa akiniuliza baba yangu alivaa viatu gani vitani. Mtu mbaya anataka viatu za nini?"

"Na alivaa gani?" mwenye hardware akauliza.

"Alienda miguu tupu."

Mwenye hardware akanirudishia daftari. "Soma."

Nikasoma vile wanavuka mto na masanduku kichwani. Nilipomaliza, mmoja wa wale wanaume wawili akaniambia hakuna mtu anaweza kuvuka mto mzima akiongea hivyo, na alikuwa sawa. Lakini mwenye hardware alikuwa amechukua daftari tena, anafuata ile orodha na kidole.

"Wa kwetu watatu wanakufa. Wa huyu jamaa yangu, wawili. Wa shosho, wawili. Wa kwenu?"

Nikaangalia. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuona.

"Wa kwetu... hakuna."

Walicheka mpaka shosho akaweka kisu chini. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nimechomeka na aibu.

"Basi weka mmoja wa kwenu, uende na daftari yako," mwenye hardware akasema, akanipa biro ya duka.

Wa kwetu alikuwa mmoja tu kwa orodha. Shujaa mwenyewe. Mrefu, jasiri, anapendwa na wanawake. Kusema ukweli, alikuwa mimi, nimeongezewa urefu. Nikaandika mbele ya jina lake: anakufa. Nikaenda nyumbani kwa dada na daftari yangu, nikaanza kutafuta mto wa kumzamisha.