Ngao ya Ogola na Wakwe Waliotaka Kuondoka

Nakumbuka siku moja ndoa yangu ilipotaka kufa kabla haijazaliwa, mwanangu, na waliotaka kuiua walikuwa watu waliokwisha kuzikwa zamani. Nimeikumbuka siku hiyo tangu juzi, nilipokusikia ukimfokea binamu yako Otieno kwenye simu, yeye akiwa kwao Homa Bay na wewe hapa kwangu Isebania. Nilidhani kuna msiba. Kumbe mlikuwa mnabishana ni jemadari gani aliyekuwa mkuu kuliko wote duniani. Mara yule Mfaransa mfupi, mara yule Mzulu wa mikuki mifupi. Nikatabasamu, nikaendelea kupeta wimbi. Lakini mlipofika kwa mababu zenu, na wewe ukamwambia mwenzako kwamba Wajaluo walichojua vitani ni kukimbia tu, nikaacha kupeta. Sasa naambiwa Otieno hatakuja likizo hii. Kaa hapo, Mwita. Hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Unajua kwamba mimi ni Mjaluo, ingawa huenda huwa unasahau ukishashiba ugali wangu. Nilizaliwa upande wa pili wa Mto Migori. Babu yako Chacha, Mungu amlaze pema, alikuwa Mkuria wa hapa hapa. Tulikutana sokoni Migori, mimi nikiuza mihogo mikavu, yeye akija na ng'ombe wa kuuza. Jinsi tulivyopatana si habari ya leo, na hata ingekuwa ya leo nisingekusimulia wewe. Jambo la kujua ni kwamba nilimpenda, na watu wa kwetu hawakumtaka. Walisema binti hapelekwi kwa watu ambao babu zao walikuwa wakija usiku kuchukua mifugo. Nasikia hata huku kwa Wakuria walisema maneno hayo hayo juu yetu.

Baba alikataa kwa muda mrefu. Aliyemlegeza ni mama yake, nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani. Alikuwa ameshazeeka sana, mgongo umepinda, na kwa kawaida hakujishughulisha na mambo ya posa. Jioni moja alimwambia baba, "Huyo kijana msimkatalie." Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemwuliza sababu. Watu hudhani mzee asiyesema sana hana la kusema.

Basi siku ya wakwe ikafika. Chacha alikuja na vijana wa ukoo wake, na mbele yao akatembea baba yake mkubwa aliyemlea, Mzee Mwita. Ndiyo, ndiye uliyepewa jina lake. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Waliketishwa katika nyumba kubwa. Mimi nilikuwa jikoni na Dani na wanawake wengine, kwa kuwa binti anayeposwa haonekani hovyo, nikichungulia kwenye upenyo wa mlango hadi shingo ikaniuma.

Kuku walikuwa tayari na ugali wa mtama ulikuwa unangoja moto tu. Tatizo lilikuwa samaki. Shangazi yangu alikuwa analeta ngege kutoka Homa Bay, na basi lake likaharibika Rongo. Baba akasema hatawapa wakwe meza yenye pengo, akaenda mwenyewe barabarani kumngojea. Nawe ujue, mwanangu, kwetu mkwe akiondoka bila kula, posa imekwisha. Hakuna haja ya kutukanana wala kutuma mjumbe. Chakula kilicholala kimeshasema.

Kaka yangu Ouma ndiye aliyeachiwa wageni. Ouma alikuwa mwalimu, ana elimu kidogo na mdomo mwingi. Alipoona kimya kimezidi, akaona awachangamshe. Akauliza, "Hebu mniambie, tangu dunia ianze, ni jenerali gani alikuwa mkali kuliko wote?" Mwanzoni ilikuwa raha. Vijana walitaja Wazungu, wakataja Waarabu, hata Chacha wangu akachangia jina moja, nami kule jikoni nikajivunia kana kwamba ameshinda vita hivyo yeye mwenyewe. Ila njaa na maneno havikai chumba kimoja muda mrefu. Kijana mmoja wa Kikuria akasema, "Hao wote wa vitabu ni bure. Walikuwa na mizinga. Sisi tulikuwa na Marwa, na yeye alikuwa na upinde tu."

Marwa alikuwa baba yake Mzee Mwita, babu wa Chacha. Nasi pia tulikuwa na wetu. Babu yangu Ogola, mume wa Dani, ndiye aliyekuwa akiongoza vijana wa upande wetu katika vita vya zamani kati yetu na Wakuria. Ouma akajibu, "Marwa? Si ndiye aliyeoshwa na Ogola pale mtoni?"

"Ogola alikuwa anaosha ama alikuwa anaoga?" kijana akamwuliza, na wenzake wakacheka.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ouma hakuridhika kujikwaa ulimi peke yake. Aliinuka, akaingia chumba cha ndani, akatoka na ngao ya babu, ile ya ngozi ya nyati, na mkono wa pili ameshika mkuki wake. Huko jikoni wanawake wakashika vinywa. Silaha ya marehemu, mwanangu, ina siku yake ya kutolewa. Hutolewa matangani, wanaume wanapokwenda na ng'ombe kukifukuza kifo. Haitolewi mbele ya wakwe hata kwa mzaha. Mtu wa nje angeona kijana anaonyesha kitu cha kale. Sisi tuliona kifo kimekaribishwa posani.

"Angalieni," Ouma akasema. "Hizi alama ni za mishale yenu. Hakuna hata moja ilipita."

"Na mwenye kuishika alikuwa amesimama ama anakimbia?" kijana yule akauliza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mzee Mwita akasimama. Hakupandisha sauti. "Chacha, inuka twende. Mtu akikuonyesha mkuki kabla ya chakula, amekuambia yote."

Mwanangu, nilijibana kwenye ule upenyo wa mlango. Nilimwona Chacha akiinuka, maana hakuwa na namna, huyo ndiye baba aliyemlea. Aligeuka mara moja kuangalia upande wa jikoni. Nikataka kutoka nimshike shati, nikashindwa. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena hadi leo, na zaidi ilikuwa juu ya wale wafu wawili. Hawakunijua na sikuwajua, na walikuwa wananinyang'anya mume.

Ndipo Dani akanipita. Alitoka jikoni na mkongojo wake, mikono imejaa unga wa mtama, akakata uwanja hadi mlangoni ambapo wageni walikuwa wanavaa viatu. Akasimama mbele ya Mzee Mwita, akamwambia jambo kwa Kikuria.

Sisi wote tukamgeukia. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia Dani akisema hata neno moja la Kikuria. Chacha aliniambia baadaye alichosema. Alimwuliza, "Wewe ni Mwita wa Gati?"

Mzee akajibu kwamba ndiye, mama yake alikuwa Gati, na ameshafariki miaka mingi.

"Basi kaa chini," Dani akasema, sasa kwa Kiswahili chake cha sokoni ili wote wasikie. "Huwezi kutoka kwangu na njaa. Mimi nilikunyonyesha."

Kisha akaeleza, akiwa amesimama vile vile, na hakuna aliyethubutu kumletea kiti. Wakati wa vita hivyo alikuwa mke mdogo wa Ogola, na mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye baba yangu, alikuwa bado ananyonya. Vita vilikuwa vimekwenda mvua kwa mvua. Mashamba yalikuwa yamerudi kuwa msitu. Ogola alikuwa amezika wana wa wake wakubwa, na Marwa vile vile, hata kila mmoja akawa amebaki na watoto wa kubebwa tu. Mwishowe wazee wa pande zote wakakubaliana mpakani. Ukajengwa uzio wa matawi, wanaume wakalaza mikuki yao juu yake. Halafu wanawake wenye watoto wachanga wakaitwa mbele, kila mmoja akampitisha mtoto wake juu ya mikuki kwa mama wa upande wa pili, na kila mama akamnyonyesha mtoto wa adui. Wake za viongozi walianza, kusudi mtu asiseme ametumwa mahali ambapo mkubwa hajafika.

"Gati alimchukua mwanangu," Dani akasema. "Mimi nikamchukua huyu. Alikuwa mzito, na ananyonya kama ndama. Na watu wa Marwa walikuwa wamemuua kaka yangu mavuno ya mwaka ule. Nilimshika huyu nikiwaza, nikimwangusha nitakuwa nimelipiza. Halafu nikaangalia ng'ambo, nikaona Gati anamwangalia mwanangu vile vile. Tukaangaliana hadi watoto wakashiba. Nyinyi mnabishana nani alikuwa hodari. Hakuna kati ya hao wanaume wenu aliyefanya kitu kigumu kama hicho."

Ouma, na ngao yake mkononi, akajaribu. "Lakini Dani, nani alishinda?"

"Hakuna. Walichoka wote wawili. Mmoja akakubali kusema kwanza kwamba amechoka, watu wake wakimwita mwoga usoni. Huyo ndiye alikuwa jemadari."

"Alikuwa nani?"

"Sikwambii. Utaanza kubishana tena."

Mzee Mwita alikuwa bado amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Akasema taratibu, "Nikiwa mtoto, nikisumbua, mama alikuwa ananiambia nirudi kwa mama yangu wa ng'ambo ya mto. Mimi nilifikiria ni mchezo." Akakiweka chini kile kiatu. "Baba alinihadithia vita zote. Hiyo siku hakunihadithia."

"Hata hawa sikuwahadithia," Dani akasema. "Hawakuniuliza. Wao wanauliza habari ya mikuki."

Mzee mmoja wetu, aliyekuwa ameingia aliposikia kelele, akanong'ona kwamba kama watu wamenyonyeshana ni ndugu, na ndugu hawaoani. Dani hakumwangalia hata kidogo. Akasema hilo lilishaamuliwa pale uzioni: walionyonya wenyewe wasioane, lakini watoto wao waoane, ili maziwa yale yasiwe yamemwagwa bure. Ndipo nikaelewa kwa nini alimwambia baba asimkatalie Chacha. Nililia, sioni haya kukwambia, nikajifuta kwa kanga iliyokuwa na moshi, nikalia tena kwa sababu ya moshi.

Dani alimwamuru Ouma aurudishe mkuki ndani. Ngao alimwambia ailaze chini, tumbo juu, katikati ya wageni. Baba alipofika na shangazi na samaki, alikuta ugali wa mtama umewekwa ndani ya ngao ya baba yake, na Mzee Mwita ameketi mbele yake bila viatu. Walimweleza. Baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mgeni zaidi ya kumpa mkono, aliketi karibu na Mzee Mwita hata mabega yakagusana, nao wakanawa katika bakuli moja, wakala. Ouma alikula mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani alikula kimya.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kubishana. Kijana asiyebishana ni mgonjwa. Msome hao majemadari, mjue njia zao na hila zao, ni elimu. Lakini ukitaka kujua ukubwa wa mtu wa vita, usihesabu aliowaangusha. Uliza vita vilipokwisha ni nani aliweza kula kwa nani. Na usikopeshwe ushujaa na mfu, maana moto huzaa jivu, na anayejisifia babu mara nyingi anaficha kwamba yeye mwenyewe hajafanya lolote. Ukitaka kuwa shujaa, iko kazi ngumu inakungoja sasa hivi. Mpigie Otieno uwe wa kwanza kusema umechoka. Atakucheka. Muache acheke, kisha umwambie aje.

Akija nitawapikia. Ile ngozi ngumu ninayoanikia wimbi uani, yenye alama ndogo ndogo za mishale iliyoshindwa kupita, ambayo kila mwaka mnaniambia niitupe kwa kuwa inanuka, mtaiosha nyinyi wawili, mmoja huku na mwenzako kule. Dani alinipa siku niliyotoka kwetu. Mtakula ndani yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi na tumbo la kushiba nyumbani kwa wengine. Uzae watoto wasiojua upande wa mto ni upi. Na siku utakapokuwa mzee, vijana wakuulize ulimshinda nani, ukose jina la kutaja.