Mama Ushuhuda wa West Indies

Kwa miaka mingi Nabalayo alikaa benchi la nyuma kanisani, mama wa kuuza dagaa wa omena kutoka Bungoma ambaye hata wazee wa kanisa walimwita "yule". Siku alipoombewa presha, kisha akapimwa na kukutwa iko sawa, aliinuka akasema Bwana amemponya. Kanisa zima la mabati pale mtaa wa West Indies lilisimama kwa vigelegele. Alichoacha kusema ni kwamba alikuwa na miezi akimeza dawa, bila kuruka hata asubuhi moja.

Ungemlaumu? Makofi ni matamu. Jumapili iliyofuata akaombwa arudie, na nyingine tena, mpaka akapewa kiti cha mbele na jina: Mama Ushuhuda. Naye, bibi wa watu, akahamia kliniki ya mbali upande wa Chepkoilel, asije akakutana na muumini akiwa na pakiti ya dawa mkononi.

Chelimo, muuza maziwa wa kanisa hilohilo, alikuwa na presha pia. Alisikiliza ushuhuda ule akilia, akaenda nyumbani akatupa dawa zake chooni. Juzi alianguka sokoni, upande wa kushoto ukapooza.

Nabalayo alimkuta wodini, mdomo umepinda, nesi amesimama na dawa akimbembeleza. Chelimo alikuwa amekataa katakata.

"Ngoja kwanza, sista," alimwambia nesi kwa ulimi mzito. "Nabalayo, niombee vile waliombea wewe."

Nabalayo alitamani ardhi ipasuke immeze. Kuomba angeweza, maneno alikuwa nayo tele. Lakini mkono wa Chelimo ulilala juu ya blanketi bila kutikisika, na aibu ikampanda.

"Kunywa dawa, Chelimo. Mimi hunywa. Hata ile Sunday nilishuhudia, nilikuwa nimekunywa asubuhi."

"Na maombi je?"

"Ilinisaidia, hiyo si uongo. Nilianza kulala vizuri. Lakini dawa ndio nilificha."

Chelimo akafungua mdomo. Nesi akamwekea kidonge na kumnywesha maji, mengine yakamtiririka shavuni. Nabalayo alinyoosha mkono amfute. Chelimo akageukia ukuta.

"Kumbe ni mimi peke yangu nilikuwa naamini," alisema.