Mwaka Gari la Baba Lilipokula Unga

Ilikuwa ule mwaka wa unga wa njano. Kama ulikuwepo, unajua. Kama hukuwepo, muulize mama yako. Mahindi yetu yalikauka shambani, tukaletewa ya njano, na ugali wake ulinuka kama gunia lililolala kwa mvua. Tulikula tukiziba pua. Mpaka leo nikikutana na ile harufu, hata kwa duka la chakula cha kuku, mkono wangu unaanza kutafuta dirisha la kufungua. Wajukuu wangu wananicheka. Nina wajukuu watatu na miaka hamsini bado sijafika, na shule niliachia darasa la sita, lakini hii nitawaeleza kuliko mwalimu.

Baba alikuwa na gari kuukuu, upande wetu wa Bomet, na alilipenda kuliko ng'ombe. Siku moja alikuwa akipanda kutoka Soin, kule chini kwenye joto, rejeta ikaanza kuvuja. Mtu wa hapo akamwambia, "Mzee, tia unga kidogo tu kwa maji, itajiziba." Unga alikuwa nao, ndiyo chakula chetu cha jioni. Lakini baba yangu hakuwahi kutia kitu kidogo maishani mwake. Alitia konzi tatu. Rejeta ikaziba kweli, akafika nyumbani akipiga mluzi.

"Unga iko wapi?" Mama akauliza.

Baba akaonyesha gari kwa kidevu.

"Haya watoto, nendeni mlale," Mama akasema. "Mwenye kula ashakula."

Tangu siku hiyo hita ya gari, ile ya kuleta joto ndani, ikawa inapumua kama mzee mgonjwa. Ukiweka mkono pale inapotoka hewa, unasikia kaupepo baridi tu. Baba alifungua skrubu hapa na pale, akapuliza, akagonga, akatukana. Wapi. Na ulikuwa ni ule mwezi wa saba ambao ukungu unalala juu ya majani chai mpaka saa nne, na vidole vya wachumaji vinakufa ganzi kabla kikapu hakijajaa nusu.

Hapo ndipo ndugu yangu mdogo, Kiprono, aliposhikwa na kifua. Alikuwa na wiki sita. Alipokuwa akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani, inatoka, inaingia. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua mtoto hapumui hivyo. Daktari wa zahanati akasema apelekwe Kericho asubuhi hiyo hiyo, na akamwambia Baba maneno mabaya: "Mzee, huyu akipigwa na baridi njiani, hamfiki naye."

Na hita ilikuwa imekufa.

Baba alizunguka gari mara mbili. Kisha akaingia jikoni akatoka na jiko, makaa mekundu yamekolea, hayana hata moshi. Akaliweka ndani ya karai la mchanga, akaliingiza nyuma, sakafuni, katikati ya miguu yangu na ya Mama. "Chebet, chunga hiyo isianguke," akaniambia. "Na mfunge vioo vyote. Joto isitoke."

Niliogopa tangu mlango ulipofungwa. Siyo kwamba nilijua kitu. Niliogopa moto tu, na Kogo wangu, mama yake Baba, alikuwa akituambia kila jioni: moto ni mgeni, na mgeni hafungiwi mlango. Nilikaa nikitazama yale makaa, nimeinua gauni lisishike.

Joto likaja kweli. Tulipopita Litein, Kiprono aliacha kulia. Baba akafurahi. "Mnaona? Amesikia vizuri sasa." Nikamgeukia Mama. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, na mikono yake, ambayo haijawahi kumlegea mtoto, ilikuwa imelegea. Kichwa changu kikaanza kugonga kama mtu anatwanga ndani. Nikamtazama mtoto. Zile mbavu hazikuwa zinaingia tena sana. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuisikia tena, hata siku ninazaa. Nikashika kishikio cha dirisha, nikazungusha mpaka kioo kikashuka chote.

Ukungu ukaingia kama maji.

"Chebet! Funga hiyo dirisha!"

"Sifungi."

"Unataka kuua mtoto? Nitakuchapa!"

Baba hakuwa mtu wa kujibiwa. Nikashikilia kile kishikio kwa mikono miwili. "Nichape, lakini sifungi."

Akasimamisha gari kando ya majani chai, akashuka aje anitoe. Akapiga hatua mbili. Magoti yakamwisha, akaanguka kwenye majani, akaanza kutapika. Baba yangu, mtu wa kubeba gunia kwa kila bega! Nikafungua milango yote nikipiga kelele, nikamtikisa Mama mabegani. Upepo ukapita ndani ya gari, Mama akafumbua macho. Nikangoja. Nawaambia, hapo niliingoja sauti moja tu duniani. Halafu Kiprono akakohoa, akalia.

"Ni huu unga wa njano," Baba akasema akijifuta mdomo. "Watatuua na hii takataka." Mama naye akakubali. Lakini hakutaka tena jiko karibu na kichwa chake, akasema linamuumiza macho. Baba akamwaga makaa barabarani. Mama akamwingiza mtoto ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, akanifunga mimi juu yao na blanketi, tukafika hivyo.

Kiprono alilazwa, akapona. Fundi wa Kericho alichomoa mipira miwili ya hita, akasukuma maji, na uji wa njano ukatoka mabonge mabonge. Akacheka akashika tumbo. "Mzee, hii gari imekushinda kushiba!" Tulirudi nyumbani na joto hadi miguuni. Na Baba alikuwa ameahidi, akatimiza: fimbo mbili.

Nilikuja kuelewa nikiwa nimeolewa, nachuma majani, siku mama mmoja wa afya alipokuja kambini kwetu wachumaji kutuambia tusilale na jiko ndani: makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua, unasinzia tu. Niliweka kikapu chini. Jumapili nikaenda kwa Baba, nikamwambia yote.

Akaniuliza, "Nilikuchapa?"

"Mbili."

Hakusema pole, siyo neno lake. Aliinuka, akaenda akafungua dirisha la nyumba, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

Siku hizi Kiprono ana gari lake, hita yake inachoma kama tanuri. Akinibeba mimi na wajukuu asubuhi ya baridi, ananitazama kwa kile kioo kidogo cha dereva. "Dada, funga dirisha, watoto wanaganda." Anajua. Nimemweleza mara mia. Anataka tu kusikia tena, na mimi namwambia:

"Nichape, lakini sifungi."