Pikipiki Uchi ya Hassan Shee

Hapa Zombe, Hassan Shee tulimjua kwa kelele kabla ya sura. Pikipiki yake aliinunua ikiwa imeshachoka, kutoka kwa daktari wa mifugo aliyehamishwa: haina kioo cha mbele, haina mfuniko, injini yote iko nje, eksosi imetoboka. Sisi wanawake tuliiita uchi.

"Ivalishe hata leso, mzee Hassan!"

"Nikiivalisha leso, kesho itadai viatu."

Alibebea kila kitu: mkewe Tima akienda kliniki, mitungi ya maji, mbuzi waliofungwa miguu, na kisu chake kimeviringishwa kwa kitambaa cheupe. Yeye ndiye aliyechinjia soko zima. Mnyama ambaye hakuchinjwa na Hassan, bucha haikumpokea, kwa sababu Waislamu hawangenunua, na hata sisi wa kanisani tungeuliza maswali.

Mimi kelele ile niliichukia kabisa. Ilipita karibu na kanisa kila Jumapili katikati ya maombi, nami nilifoka mbele ya wote kwamba siku moja nitaipiga mawe. Mimi Muthoki sina subira, waulize.

Basi mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya msaada, ng'ombe wangu wa mwisho akaanguka. Tulimwinua kwa miti, mimi na Kilonzo wa bucha na majirani, akalala tena. Kilonzo hakunificha. "Mama Jonah, akichinjwa akiwa hai, nanunua nyama yote. Akifa mwenyewe ni kibudu, siwezi." Nyumbani tulikuwa tunalalia uji mwepesi. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa chakula cha watoto wangu mpaka mvua inyeshe, na hakukuwa na kingine.

Nikakimbia mpaka sokoni. Hassan aliponisikia hakuuliza mara mbili. "Panda!" Nikapanda, mama mzima wa kanisa, nikamshika kiuno mume wa watu bila aibu. Vumbi likaingia mdomoni, miba ikanikwaruza magoti, maana pikipiki ile haina cha kukukinga.

"Ongeza moto!"

"Nikiongeza tutaanguka kwenye mchanga. Tulia, mama Jonah."

Tulivuka mto mkavu vizuri. Tulipoanza kupanda ng'ambo, injini ikakohoa, ikazima. Hassan akapeleka mkono chini ya tangi, penye kifungulio cha kuachilia petroli ya akiba. Akashuka.

"Ni nini?"

"Nilikigeuza juzi, nikasahau kukirudisha. Akiba tumeshaimaliza."

Nilimtukana. Wallahi, kama wasemavyo wao, nilimtolea maneno ambayo mchungaji wangu asiyasikie. Hassan akanishusha. Akaishika pikipiki, akailaza ubavu kama mbuzi wa kuchinjwa, matone yaliyobaki upande wa pili wa tangi yakavuka. Akaisimamisha, akapiga kiki mara kadhaa, ikawaka. Nikarukia nyuma tena.

Tulipofika, watu walikuwa wamemzunguka ng'ombe. Kilonzo alikuwa ameshavua aproni yake. "Pole, mama Jonah. Amekata roho."

Hassan akapiga magoti, akagusa jicho la ng'ombe. Halikupepesa. Akaweka kiganja puani, akangoja. Kisu kilikuwa mkononi lakini hakukata.

"Kata tu," Kilonzo akanong'ona. "Hapa tuko wenyewe. Nani atasema?"

"Kata, Hassan," nikalia. "Nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

"Kwa huyohuyo Mungu, siwezi kuwalisha watu kibudu."

Nikakaa chini vumbini. Nilimchukia mtu yule, na nilijua kwamba ana haki, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Hassan alizidi kuangalia kichwa cha ng'ombe. Kisha akainuka ghafla, akaisukuma pikipiki mpaka eksosi ikakaribia sikio la ng'ombe. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akailaza tena ubavu, akaitikisa, akaisimamisha.

"Unafanya nini, wewe?" Kilonzo akauliza.

Akapiga kiki kwa nguvu zake zote. Ikanguruma, kelele ileile ya laana, akaikaza mpaka watoto wakaziba masikio. Sikio la ng'ombe likatikisika. Halafu mkia.

"Yuko hai! Mgeuzeni!" Wakamgeuza kuelekea kibla. "Bismillahi, Allahu akbar!" Damu ikaruka mpaka kwenye gurudumu, miguu ikarusha teke, nami nikapiga kelele kama mwendawazimu. Pikipiki ikakohoa, ikamaliza tone lake la mwisho, ikazima.

Watoto wangu walikula siku ile, na siku zilizofuata, mpaka mvua ikaja. Hassan alirudi sokoni kwa miguu, akiisukuma ile uchi yake mchangani, na nusu ya njia nilimsaidia kusukuma.

Jumapili, katikati ya maombi, ikapita tena karibu na kanisa. Watu wote wakanigeukia wakingoja nifoke. Nikasema amina, kwa sauti.