Tulienda kupiga picha piscine ya ziwani kabla ya kucha, Patient hakurudi

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Asiyetaka kuamini nitamwelewa, maana kuna asubuhi hata mimi naamka siamini.

Mimi ni mpiga picha wa ndoa. Patient alikuwa mwenzangu, studio moja, appareil moja ya picha. Sijui niandike "alikuwa" au "ni". Mnisamehe hapo.

Tangu mji ubadilishe watawala, kazi ilikufa. Banki zimefungwa, wenye uwezo wa kufanya harusi wamevuka mpaka. Tulikuwa tunashinda studio tunapangusa vumbi kwenye lens.

Siku moja Patient akaniambia:

"Kaka, nataka picha moja tu ya huu muji, yenye iko kimya. Moja tu. Hata nikikimbia, nitaenda nayo."

Nikamwelewa. Kimya kwetu siku hizi ni kitu cha kutafuta.

Sasa, pale Ibanda, chini kabisa ya villa moja, kuna piscine ya zamani ya saruji, bwawa la kuogelea. Imejengwa ndani ya ziwa, ukuta tu ndio unaitenganisha na maji ya nje. Wenye nyumba walikimbia, akabaki sentinelle wao wa kulinda, Papa Cizungu. Alikubali tulale kwake ili tusitembee gizani.

Kwa wasiojua, long exposure ni hivi: unafunga appareil juu ya tripod, unaacha shutter wazi muda mrefu. Maji yenye mawimbi yanatoka laini kama maziwa. Taa za wavuvi wa sambaza zinakuwa mistari. Lakini lazima uwahi, jua likitoka imeisha.

Basi tukashuka bado giza. Baridi ile ya ziwa, mnaijua.

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili, wakuu, Patient aliiangalia kwenye screen. Halafu akanivuta shati nione. Sijawahi kuona mji wangu hivyo. Ulikuwa kama umelala bila kuogopa mtu.

"Turudilie ingine," akasema, akafungua shutter tena.

Hapo ndipo tulipoona torch zinashuka ngazi.

"Nani kule? Mikono juu!"

Watu wenye silaha. Sitasema wa upande gani, bado naishi hapa.

Tripod gizani, na lile lens refu juu yake... nadhani mnaelewa walichokiona.

"Ile silaha ni ya nani?"

"Haiko silaha, chef," Patient akajibu. "Iko appareil ya photo. Tuko napiga picha ya maji."

"Maji? Saa hii? Muko natumia nani hizo picha?"

Papa Cizungu akaja mbio, akapiga magoti, akasema anatujua, sisi ni watu wa picha za ndoa. Wakamsukuma arudi juu.

Wakauliza tena appareil ni ya nani. Nilikuwa nafungua mdomo niseme ni yetu wawili. Patient akaniwahi.

"Ni yangu. Huyu nilimuita tu anishikie mufuko. Hajue kitu."

Hakuniangalia aliposema hivyo.

Wakambeba, yeye na appareil na tripod. Mimi wakaniambia nikae chini nisigeuke. Nilipogeuka kulikuwa kumekucha na hakukuwa na mtu.

Mama yake alikuja studio siku ileile. Hakulia. Alisema:

"Weye njo unapigaka batu bote picha. Nipatie ya mutoto wangu, niende nayo kwenye banafungia batu."

Nikafungua ordinateri, kompyuta yetu. Nikatafuta mpaka macho yakauma. Mabibi harusi, mashangazi, keki, watoto wa maua. Patient? Mkono wake unanyoosha shela. Mgongo wake ameshika taa. Uso hakuna. Miaka yote hiyo alikuwa nyuma ya appareil, na mimi pembeni yake.

Tukaenda bila picha. Mahali pa kwanza wakasema hayuko. Pa pili wakasema walioshikwa walishushwa barabara ya Uvira. Mtu mwingine akasema hapana, wamepelekwa mazoezi ya kijeshi. Mwingine akatuambia turudi nyumbani tuombe Mungu.

Mama yake anaomba. Mimi nimeshindwa.

Somo? Nilitaka niwaandikie kitu kikubwa hapa, sina. Pigeni picha watu mnaofanya nao kazi. Mchana, uso wazi, leo.

Na kama uko Sange, Uvira, au popote kwenye ile barabara, ukaona kijana mrefu, mwembamba, mweusi sana, ana pengo la jino la mbele na kovu chini ya kidevu, andika hapa chini.

Hata kama unachojua ni kibaya, andika. Mama yake hajui kusoma. Nitamsomea mimi.