Meya Anafungasha

Meya wetu ana mikono isiyotulia: akiongea anapapasa meza, akinyamaza anapapasa kiti. Sauti yake ni ya kuita mtu ng'ambo ya mto, hata anapokuomba kalamu. Kwa sauti hiyohiyo alifuta ile miezi mitatu ambayo kila meya aliyeshindwa uchaguzi alikuwa akiendelea kukalia ofisi, akigawa vyeo kwa mashemeji na hatimaye kuondoka na mapazia. “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!” aliwangurumia madiwani, na kanuni ikapita: mshindi ataapishwa ndani ya wiki moja.

Uchaguzi ukaja, naye kashindwa. Leo kutwa anafungasha. Anatia kikombe kwenye boksi, anakitoa, anakunywa chai, anakirudisha. Mapazia ameyashikashika, akayaacha. Jioni akaniita, mimi sekretari wake, kwa kisauti ambacho sikujua anacho.

“Dada, hivi kweli wiki moja inamtosha binadamu?”

“Mgeni siku mbili, Mheshimiwa.”

Akakipapasa kiti, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

“Haya, nishikie boksi. Jembe nitalibeba mwenyewe.”