Panya Aliyenusa Kifua Changu

Mashine kubwa ya kukoboa na kusaga hapa kwetu Kihonda ni yangu. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia ya watu pale Dumila, na leo magunia nabebewa. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyepimwa na panya.

Nilikuwa nakohoa. Sisi watu wa mashine tunajua hilo ni vumbi la pumba, na dawa yake ni maziwa, yanalisafisha. Nikanywa msimu mzima, suruali zikazidi kunipwaya.

"Baba watoto, utamaliza ng'ombe wa watu," mke wangu akasema. "Nenda kapime kifua."

"Mtu kama mimi nikapime TB?"

"Kwani TB inauliza una mashine?"

Nikaenda ili anyamaze. Zahanati wakapima makohozi, wakasema hamna kitu. Nikarudi nimetuna, nikaagiza maziwa mengine.

Baadaye ikaja simu. Mjini kwetu wapo panya buku waliofundishwa kunusa TB kwenye makohozi, na yangu yalipitishwa kwao pia. Panya mmoja akaganda juu ya kikopo changu, akakikwaruza, hataki kuondoka. Wataalamu wakarudia kwa hadubini, wakamwona mdudu wa TB.

Mke wangu, Mluguru wa Matombo, alicheka mpaka akakaa chini. "Panya buku? Kwetu huyo ni mboga."

"Shukuru hamkummaliza."

Tulipofuata dawa nikaomba kumwona mdudu mwenyewe. Mtaalamu wa maabara akanisogeza kwenye hadubini. Vijiti vyekundu, vyembamba kama vipande vya uzi, juu ya bluu. Akatueleza kwamba zamani watu walidhani ni ugonjwa wa ukoo, mpaka daktari mmoja wa Ulaya alipomwona kwa kioo kama kile. Mke wangu akasema mtu wa kifua kwao milimani alijengewa kibanda chake, na kikombe chake peke yake. Nikawaza: wazee walijua ugonjwa unasafiri, ila msafiri hawakumwona. Mimi wa darasa la nne nimemwona.

Muuguzi aliponiambia dawa imeshika, siambukizi tena, nikarudi kazini. Msimamizi wangu akanivuta pembeni.

"Bosi, tuseme lilikuwa vumbi. Wateja watatukimbia."

"Jina langu ndilo lililo ukutani. Habari yangu nitaitoa mwenyewe."

Nikazima mashine. Nikawaambia wateja na wafanyakazi wote: nilikuwa na TB, natumia dawa, na kila anayekula vumbi hapa akapime, nauli juu yangu. Mama mmoja akajitwika ndoo yake ya mahindi, akavuka barabara kwa jirani. Wengine wakabaki, wakinitazama.

Mpakiaji wangu wa miaka mingi alikutwa nayo, ndiyo kwanza inaanza. Yeye naye alikuwa kwenye maziwa. Leo amepona, anabeba gunia huku anapiga mluzi, na akiulizwa nani alimpeleka hospitali ananinyooshea kidole: "Bosi yule." Mimi huwa sigeuki, lakini nasikia.